MKAA SI RAHISI, ANAYELIPA NI MWINGINE

Kila mwaka kipupwe kinapoingia katika uwanda wa Singida, jambo moja hurudiwa. Upepo wa mwezi Juni huvuma usiku kucha baina ya Ziwa Singidani na Ziwa Kindai, mabati hulia, na katika nyumba za mji huo, ulioko kiasi cha mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, watu hutafuta joto. Jiko la mkaa lililopikia ugali wa jioni halizimwi. Hubebwa na makaa yake mekundu, huingizwa chumbani, mlango hufungwa, dirisha huzibwa kwa gunia, kisha familia hulala. Asubuhi baadhi yao huamka na vichwa vizito wakadhani ni baridi. Wapo ambao hawaamki.

Vifo vya namna hiyo vimekwisha kuripotiwa mara nyingi katika sehemu za baridi za nchi hii, nyanda za juu za kusini zikitangulia. Kila vinapotokea watu husikitika, huzika, hurudi nyumbani na kununua sado nyingine ya mkaa. Akiulizwa mwananchi, na hata mtumishi wa umma mwenye shahada ya chuo kikuu, kwa nini hang'oki kwenye mkaa, jibu lake ni moja tu: mkaa ni rahisi.

Jibu hilo ni uongo, na uongo huo una madhara makubwa kuliko baridi yenyewe. Mkaa si rahisi hata kidogo. Unaonekana rahisi kwa sababu sehemu kubwa ya bei yake hailipwi na yule anayeununua. Hulipwa na kijiji kilichopoteza msitu wake, na mama anayevuta moshi miaka nenda miaka rudi, na mtoto ambaye atarithi ardhi tupu. Mtu anayestarehe kwa mali ambayo gharama yake anaibeba mwingine ana jina lake katika siasa ya nchi hii, tangu Azimio la Arusha la 1967. Jina hilo ni mnyonyaji. Ni neno zito kulitumia kwa mwalimu au karani anayepika maharage yake nyumbani, lakini hesabu haina upendeleo.

GHARAMA ILIYOFICHWA

Hesabu hiyo ianzie kwenye tanuri. Katika tanuri la udongo, ambalo ndilo linalotumiwa na wachoma mkaa karibu wote nchini, kilo 10 za kuni kavu hutoa kilo 1 au 2 tu za mkaa. Zaidi ya nusu ya nguvu ya joto iliyokuwa ndani ya mti huo hupotea porini kabla gunia halijashonwa. Hakuna mkulima ambaye angekubali mavuno yake yapotee kwa kiasi hicho njiani kuelekea ghalani, kisha akaambiwa kwamba kilichobaki ni cha bei nafuu.

Kusini mwa mkoa wa Singida iko misitu ya miombo, na viko vichaka vizito vya Itigi, ambavyo mfano wake haupatikani penginepo duniani isipokuwa upande wa Sumbu nchini Zambia. Vichaka hivyo si pori la bure. Manyoni na Itigi ni nchi ya asali, na nyuki hutengeneza asali kutokana na maua ya miti hiyo hiyo inayoangushwa. Mti uliosimama humpa mfuga nyuki mavuno mwaka baada ya mwaka, wala haumdai mbolea. Mti uliochomwa hupika chakula cha siku chache, ukaisha. Mwenye akili timamu hawezi kuuita uchaguzi huo wa pili kuwa ni uchumi.

Yanayotokea Singida ni sehemu ya hali ya taifa zima. Takwimu za serikali, zilizotumiwa pia katika Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia wa 2024 hadi 2034, zinaonyesha kwamba Tanzania hupoteza hekta 469,420 za misitu kila mwaka, na kwamba watu wapatao 33,000 hufa kila mwaka kwa maradhi yanayotokana na moshi na hewa chafu ya nishati hizo za kupikia. Watu 33,000 ni mji mzima. Kama mji mzima ungekufa kwa kipindupindu katika mwaka mmoja, taifa lingesimama na mikutano ya dharura ingeitishwa usiku na mchana. Lakini kwa kuwa watu hao hufa mmoja mmoja, jikoni, na wengi wao ni wanawake na watoto, mambo huendelea kama kawaida.

Kisha kuna swali la nani hasa anayelipa zaidi hata pale sokoni. Mwenye mshahara hununua gunia zima, tena lumbesa, na kuliweka stoo. Mama muuza vitumbua hununua kwa sado, na siku ngumu hununua kwa fungu. Kila mkaa unapopimwa upya, mpimaji huongeza faida yake. Kwa hiyo, kilo kwa kilo, maskini hununua mkaa kwa bei ya juu kuliko tajiri. Bidhaa ya namna hiyo haiwezi kusifiwa kwamba ni nishati ya wanyonge. Ni bidhaa inayomkamua mnyonge kwa sababu tu hana fedha za kununua kwa jumla.

Hapa hapana budi kuondoa kisingizio kimoja. Adui si mchoma mkaa. Yeye ni mkulima ambaye mvua ilimwangusha, akaingia porini na shoka ili watoto wake wale. Vijiji kadhaa vya wilaya ya Kilosa vilionyesha, katika mradi ulioanza 2012, kwamba hata mkaa unaweza kuvunwa kwa nidhamu: msitu wa kijiji uligawanywa vipande, kipande kilichovunwa kikaachwa kipumzike kwa miaka 24, na mapato yakaingia katika mfuko wa kijiji. Lakini nidhamu hiyo inahitaji ramani, kamati na mlinzi. Mkaa unaopita usiku kwa pikipiki hauna hata kimoja kati ya hivyo, na anayeununua mjini bila kuuliza umetoka wapi ni mshirika katika wizi wa mali ya kijiji.

KUPIGA MARUFUKU PEKE YAKE HAKUTOSHI

Wapo wanaodhani kwamba dawa ni amri. Historia ya nchi hii imekwisha kuwajibu. Mnamo Januari 2006 serikali ilipiga marufuku uvunaji na usafirishaji wa mkaa. Bei ilipanda ghafla, wananchi wa mijini wakahangaika, na baada ya majuma machache tu marufuku ikaondolewa. Nia ilikuwa njema, ila kosa lilikuwa la mpangilio. Mwananchi alinyang'anywa mkaa kabla hajawekewa kitu kingine mkononi, na tumbo lenye njaa halisikilizi hotuba.

Kabla ya hapo, mwaka 1980, taifa liliendesha kampeni ya elimu ya watu wazima iliyoitwa Misitu ni Mali. Wananchi walikusanyika katika vikundi, wakasikiliza redio, wakajadiliana, wakapanda miti. Walimu ndio waliokuwa nguzo ya kampeni za aina hiyo. Elimu ilitolewa, lakini jikoni hakuna kilichobadilika, kwa sababu mama aliyejifunza kwamba misitu ni mali alirudi nyumbani akakuta jiko lile lile na njaa ile ile. Mafunzo haya mawili, la 1980 na la 2006, yakiwekwa pamoja yanasema jambo moja: elimu bila nishati mbadala ni wimbo, na amri bila nishati mbadala ni adhabu.

Nchi iliyofuata mpangilio sahihi ni Korea Kusini. Baada ya vita vya 1950 hadi 1953 milima yake ilikuwa vipara, kwa kuwa watu walikata kila kijiti ili kupasha nyumba joto wakati wa baridi kali. Serikali yao ilihimiza makaa ya mawe yaliyosagwa na kufinyangwa kuwa mabonge ya mviringo yenye matundu, ikazuia kuni kuingizwa katika miji mikubwa, na kuanzia 1973 ikatekeleza mpango wa miaka 10 wa kupanda miti nchi nzima, wanavijiji wakiwa mstari wa mbele. Leo milima hiyo ni ya kijani. Mbadala ulitangulia, amri ikafuata, na upandaji miti ukakamilisha kazi.

Lakini Wakorea walilipa kwa njia nyingine. Mabonge yale ya makaa ya mawe yalitoa hewa ya sumu iitwayo kaboni monoksaidi, isiyo na rangi wala harufu, na kwa miongo kadhaa watu wengi walikufa usingizini. Ni hewa ile ile inayotoka katika jiko la mkaa lililofungiwa chumbani Singida. Anayetaka kujifunza kutoka Korea ajifunze yote mawili, mafanikio na msiba.

MAKAA YA MAWE: RAFIKI MWENYE MASHARTI

Tanzania nayo ina makaa ya mawe, tena mengi: Kiwira, Ngaka, Mchuchuma. Shirika la Madini la Taifa, STAMICO, lililoundwa 1972, linatengeneza mkaa mbadala uitwao Rafiki Briquettes kwa kutumia makaa ya mawe ya Kiwira. Hatua hiyo inastahili pongezi, kwa kuwa kila tani ya mkaa huo inayoingia katika jiko la shule, gereza au kambi ni tani ambayo haikukatwa msituni. Ni jambo la fahari pia kwamba shirika la umma limefanya kile ambacho wafanyabiashara wengi hawakuona faida yake.

Hata hivyo ukweli usemwe wote. Makaa ya mawe ghafi, yaani yaliyochimbwa na kupasuliwa tu, hayafai kuwashwa ndani ya nyumba isiyo na bomba la kutolea moshi. Yana salfa, na moshi wake huunguza mapafu. Mji wa London ulijifunza hayo mnamo Desemba 1952, moshi wa makaa ya mawe ulipotanda kwa siku 5 na kuua maelfu ya watu, hata Bunge la Uingereza likalazimika kutunga sheria ya hewa safi mwaka 1956. Mkaa mbadala uliosindikwa hupunguza moshi, lakini hauondoi ile hewa ya sumu. Mahali pake panapofaa ni jiko kubwa la taasisi lenye bomba la moshi, pamoja na jiko la nyumbani linalowashwa nje au penye hewa ya kutosha. Chumba cha kulala si mahali pake, wala hapatakuwa mahali pake kamwe.

Tena Kiwira iko mbali. Kutoka Songwe hadi Singida ni mamia ya kilomita, na kila kilomita inaongeza bei ya gunia. Mji unaojitegemea huanza kwa kuangalia ulichonacho mlangoni kabla ya kuagiza cha mbali. Je, Singida ina nini mlangoni?

ALIZETI NI MAFUTA, TENA NI MOTO

Singida ina alizeti. Hakuna mtoto wa shule nchini asiyejua hivyo. Mjini Singida na pembezoni mwake viko viwanda vya kukamua mafuta, vikubwa kwa vidogo, na msimu wa mavuno malori ya mbegu hupanga foleni. Lakini ni wangapi waliokwisha kujiuliza maganda yanakwenda wapi?

Ganda ni kiasi cha robo ya uzito wa mbegu ya alizeti, na kilo moja ya maganda makavu ina joto linalokaribiana na la kilo moja ya kuni. Viwanda vikubwa vinavyobangua mbegu huyachoma maganda hayo kuchemshia maji ya mitambo yao. Wakamuaji wengi wadogo hawabangui. Hukamua mbegu pamoja na ganda lake, na ganda hilo huishia ndani ya mashudu. Matokeo yake ni hasara mbili kwa mpigo. Mashudu hujaa nyuzinyuzi ambazo kuku na nguruwe hawawezi kuzimeng'enya vizuri, hivyo thamani yake hushuka. Na ganda ambalo lingepika chakula cha mji hulishwa mnyama asiyelihitaji.

Mashine ya kubangua ingeondoa hasara zote mbili. Mashudu yangekuwa bora na yangeuzwa kwa bei nzuri zaidi. Maganda yangebaki. Maganda hayo huunguzwa katika pipa lenye hewa kidogo mpaka yawe meusi, husagwa, huchanganywa na uji wa muhogo ili yashikane, hushindiliwa kwa mashine ya mkono na kuanikwa juani. Jua la Singida halina haja ya kuagizwa kutoka ng'ambo. Mabua ya alizeti, ambayo wakulima wengi huyachoma shambani baada ya mavuno, yanaweza kuongezwa kwa kiasi, mradi mengine yaachwe yaoze na kuirudishia ardhi rutuba yake.

Kazi hiyo si ya wataalamu wa roketi. Shirika la Kuhudumia Viwanda Vidogo, SIDO, liliundwa 1973 kwa shabaha ya namna hiyo hasa: kuweka mashine ndogo mikononi mwa wananchi. Halmashauri zinatakiwa kisheria kutenga asilimia 10 ya mapato yao ya ndani kwa mikopo ya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu. Viwanda vipo, maganda yapo, vijana wasio na kazi wapo, fedha ya kuanzia ipo, na soko la wakazi zaidi ya laki mbili wa Manispaa ya Singida lipo. Kilichokosekana ni mtu wa kuyakutanisha hayo yote, na mtu huyo kwa jina la kazi yake anaitwa kiongozi.

Mkaa huo wa maganda, ili umshinde mkaa wa miti, sharti uuzwe kama mkaa wa miti unavyouzwa: kwa sado, kwa fungu, genge kwa genge, mtaa kwa mtaa. Miradi mingi ya nishati mbadala imekufa kwa sababu bidhaa iliwekwa ofisini ikasubiri wateja, au iliuzwa kwa mfuko mkubwa ambao maskini hawezi kuununua kwa mara moja. Mnyonge hakatai kilicho bora, bali anashindwa kulipa kwa mkupuo.

GESI NA UMEME KWA WENYE MSHAHARA

Kwa watumishi wenye mshahara wa kila mwezi, kisingizio ni kidogo zaidi. Serikali kupitia Wakala wa Nishati Vijijini imekuwa ikiuza mitungi ya gesi ya kilo 6 kwa bei ya ruzuku katika mikoa mbalimbali. Ni jambo jema, lakini mtungi uliokwisha gesi ni pambo la nyumba. Mafanikio ya mpango huo yasipimwe kwa idadi ya mitungi iliyogawiwa mbele ya kamera, yapimwe kwa idadi ya mitungi iliyorudi kujazwa. Jijini Dar es Salaam zilianza huduma za kufunga mita juu ya mtungi ili mteja alipie kidogo kidogo kadiri anavyotumia. Hakuna sababu ya msingi ya huduma ya namna hiyo kuishia kwenye miji ya pwani.

Kuhusu umeme, kasumba iliyoenea ni kwamba kupika kwa umeme ni anasa. Kwa jiko la zamani la koili, pengine. Lakini jiko la umeme la presha hupika nusu kilo ya maharage kwa kiasi cha nusu uniti hivi, kwa sababu joto halitoki nje na chakula huiva upesi. Kwa bei ya shilingi 292 kwa uniti iliyoidhinishwa 2016 kwa watumiaji wa kawaida, kabla ya kodi, nusu uniti ni shilingi 146. Mwalimu anayewasha jiko la mkaa kwa saa mbili au tatu kuchemsha maharage hayo hayo, apige hesabu mwenyewe ya thamani ya mkaa uliokwisha, kisha aseme ni kipi kilicho rahisi. Ni kweli kwamba jiko lenyewe linagharimu fedha nyingi mwanzoni. Hapo ndipo vyama vya akiba na mikopo vya walimu na watumishi vinapopaswa kuonyesha kazi yao. Mkopo wa kununua jiko hujilipa, jambo ambalo haliwezi kusemwa kuhusu mikopo ya sherehe.

Umeme wenyewe upo. Laini kubwa ya kilovolti 400 kutoka Iringa hadi Shinyanga inapita Dodoma na Singida, na Bwawa la Julius Nyerere katika Mto Rufiji limeongeza uwezo wa kuzalisha megawati 2,115. Taifa halikujenga bwawa hilo kwa fedha zake ili watumishi wake waendelee kupuliza makaa.

JOTO LA NYUMBA HALITOKI JIKONI TU

Linabaki swali la baridi. Wanyaturu na Wagogo waliishi katika tembe, nyumba ya kuta nene na paa la udongo lililolazwa juu ya miti. Tembe ilikuwa na giza na moshi, na ilimeza nguzo nyingi. Hakuna anayependekeza irudishwe. Lakini ilikuwa na hekima moja: udongo mzito ulikusanya joto la mchana na kulitoa polepole usiku. Kampeni za nyumba bora zilileta bati, nalo ni maendeleo ya kweli, ila bati tupu lisilo na dari humwaga joto lote angani jua linapozama. Mwenye nyumba hununua bati, husahau dari, kisha kila mwaka hununua mkaa wa kupambana na pengo aliloliacha mwenyewe juu ya kichwa chake.

Dari ya mbao, ya jipsamu au hata ya mikeka iliyoshonwa vizuri hulipiwa mara moja. Kuziba mianya baina ya ukuta na paa hakuhitaji mtaalamu. Blanketi la pili na chupa ya maji ya moto iliyofungwa kwa kitambaa haijapata kuua mtu. Hizo ndizo njia za bei nafuu za kupasha nyumba joto, na idara za ujenzi na afya za halmashauri zingefanya kazi ya maana kuzihubiri kabla ya kila kipupwe. Jiko lenye makaa, yawe ya miti, ya mawe au ya maganda, halina ruhusa ya kulala chumba kimoja na binadamu.

WA KWANZA KUBADILIKA

Rais Samia Suluhu Hassan alizindua Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia tarehe 8 Mei 2024, shabaha ikiwa asilimia 80 ya Watanzania watumie nishati safi ifikapo 2034. Siku chache baadaye, tarehe 14 Mei 2024, alikuwa mmoja wa wenyeviti wa mkutano wa kimataifa wa jambo hilo mjini Paris. Taifa limekwisha kutoa ahadi mbele ya dunia. Ahadi hiyo haitatekelezwa Paris. Itatekelezwa Mandewa, Misuna na Kindai, katika jiko moja baada ya jingine.

Na wa kwanza kubadilika hawawezi kuwa wale wasio na kitu. Agizo la kuzitaka taasisi zinazopikia watu zaidi ya 100 kwa siku ziache kuni na mkaa lilikwisha kufikia tarehe yake Januari 2024. Kila mkuu wa shule ambaye bado anamtuma mwanafunzi aje na kuni begani anajua kwamba anamfundisha mtoto huyo somo, na somo hilo ni kwamba maagizo ya nchi ni ya kusomwa ubaoni tu. Elimu ya Kujitegemea haikumaanisha mtoto ajitegemee kwa kubeba mti uliokatwa bila kupanda mwingine.

Vivyo hivyo kwa watumishi wa ofisini. Si siri kwamba gari la serikali lililokwenda kijijini kwa safari ya kikazi mara nyingine hurudi na magunia ya mkaa nyuma. Abiria wa gari hilo huenda mchana huo huo alihutubia kijiji juu ya uhifadhi wa mazingira. Wanavijiji waliomsikiliza ndio waliompakilia magunia. Wakicheka alipoondoka, walikuwa na haki.

Yanayotakiwa Singida yanahesabika. Manispaa ikutanishe wenye viwanda vya alizeti, SIDO na vikundi vya vijana, na kabla ya msimu ujao wa mavuno mkaa wa maganda uwe sokoni kwa sado. Shule na vyuo vyenye majiko makubwa vitumie gesi, au mkaa mbadala katika majiko yenye bomba la moshi. Vyama vya akiba na mikopo vya watumishi vikopeshe majiko. Gari la umma likionekana na gunia la mkaa, dereva na bosi wake wajieleze. Na Chama katika matawi yake kiulize habari ya mambo haya katika kila kikao, kama kinavyouliza habari ya madawati na zahanati, kwa kuwa serikali iliyopewa ridhaa na wananchi hupimwa kwa moshi uliopungua jikoni mwao, si kwa idadi ya semina.

Wahenga walisema ada ya mja hunena, muungwana ni vitendo. Kipupwe kingine kinakuja, na upepo wa Singida haujapata kuchelewa. Yule mwenye mshahara, mwenye elimu na mwenye umeme ukutani, akiendelea kusema kwamba mkaa ni rahisi, aseme pia kwa sauti ni nani anayemlipia.